Msafiri Atazame Nini?

Mtu akienda nchi ya kigeni kupumzika, na siku zake zikiwa chache, yambidi kuchagua. Hawezi kuona yote. Atashika karatasi, ataandika majina ya mahali, kisha atafuta mengine na kubakiza mengine, kama mama apangavyo fedha zake kabla ya kwenda sokoni. Watu husema kwamba jambo hili ni dogo, wala haliihusu dhamiri: apendaye milima na aende milimani, apendaye bahari na aende baharini. Lakini katika karatasi ile, pamoja na milima na maporomoko na makanisa, mara nyingi wameandikwa pia watu. Wameandikwa wavuvi, wameandikwa wacheza ngoma, yameandikwa hata makaburi. Hapo jambo si dogo tena, maana mlima hauoni haya ukitazamwa, bali mtu huona.

Swali lenyewe ni hili: je, msafiri ana haki ya kumfanya mwenzake kuwa kitu cha kutazamwa? Na kama hana, atumieje siku zake tatu?

Kwanza yafaa kuondoa shaka moja. Kupumzika si uvivu, wala kusafiri kwa furaha si dhambi. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, la mwaka 1948, lataja mapumziko katika kifungu chake cha 24 kuwa haki ya kila mtu. Na karne nyingi kabla yake Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa roho huchoka kama mwili uchokavyo, nayo huburudishwa kwa furaha yenye kiasi. Juu ya hilo hapana ugomvi. Ugomvi uko juu ya macho.

Mji wa Kisangani wafaa sana kwa kulipima swali hili. Msomaji na amfikirie mgeni afikaye huko leo, labda kwa ndege kutoka Kinshasa, maana kwa njia ya mto ni yapata kilomita 1,700, na mashua hazina haraka. Akiuliza aone nini, watamtajia maporomoko ya Wagenia; watamtajia kanisa kuu la Bibi Yetu wa Rozari lililo ukingoni mwa mto, na misioni ya Mtakatifu Gabrieli iliyoanzishwa na Padre Gabriel Grison mwaka 1897; watamtajia maporomoko ya mto Tshopo; na ikiwa ana siku nzima ya ziada, watamtajia Yangambi, kama kilomita 100 kwa kuufuata mto uteremkapo. Jina la kwanza katika karatasi yake bila shaka litakuwa Wagenia. Wengi huja kwa ajili ya hilo tu.

Mto Kongo, ambao juu ya mji huitwa Lualaba, washuka kati ya Ubundu na Kisangani kwa maporomoko saba, katika mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na jumla ya kushuka kwake ni kama mita 60. Ndiyo sababu reli ilijengwa kuyazunguka, ikafunguliwa mwaka 1906, kwa kuwa hakuna chombo kiwezacho kupita. Poromoko la mwisho li karibu kabisa na mji. Hapo Wagenia husimamisha miti mikubwa ndani ya mashimo ambayo maji yenyewe yameyachimba katika miamba, wakaifunga miti hiyo pamoja kwa kamba za porini, kisha wakaning'iniza vikapu vikubwa vyenye umbo la pembe, mfano wa mgono, mdomo wazi ukiyakabili maji yajayo. Samaki achukuliwaye na nguvu ya mto huingia, wala hawezi kurudi, kwa kuwa maji yaliyomleta yanamzuia. Mvuvi hupanda juu ya miti ile kwa miguu mitupu, mkondo ukinguruma chini yake, akavuta kamba ili atazame alichopewa. Siku nyingine kikapu ni kitupu. Mafuriko yakivunja miti, huijenga upya. Ufundi huu baba amemrithisha mwana, naye mwana amemrithisha wake, tangu zamani sana kabla mtu wa Ulaya hajaujua mto huu.

Mwezi wa Januari 1877 Henry Morton Stanley aliyafikia maporomoko haya kutoka juu. Alitumia majuma kadhaa akiyapita moja baada ya jingine, mitumbwi ikiburutwa nchi kavu, na mapigano hayakukosa. Alitazama, akaandika kitabu, na maporomoko yakaitwa kwa jina lake. Kisha na mji nao ukaitwa Stanleyville, hata mwaka 1966 uliporudishiwa jina la Kisangani. Jambo hili lataka kuangaliwa. Wagenia walikuwa wamekaa pale miaka isiyohesabika wakila samaki wa mahali pale, na jina likachukuliwa kutoka kwa mtu aliyepita akitazama. Macho ya mpita njia yana nguvu kuliko yeye mwenyewe adhaniavyo.

Basi mgeni wa leo afika maporomokoni, labda amepakiwa na kijana wa toleka nyuma ya baiskeli. Akiisha kutoa simu yake apige picha, aambiwa kwamba kuna malipo. Wageni wengine hukasirika hapo. Husema: mto ni wa Mungu, kwa nini nilipe kwa kuutazama? Neno hili ni kweli nusu. Mto ni wa Mungu, walakini miti ile haikujipanda yenyewe, na mgeni hakuja kutazama maji matupu. Kama angetaka maji matupu angesimama penginepo kwenye ukingo, ambako hakuna amwombaye kitu. Amekuja kwa ajili ya watu, na watu wanalijua hilo.

Hata hivyo malipo hayamalizi swali. Yawezekana kulipa na kukosea bado. Ili kuona hivyo, ni lazima kugeuza safari na kuwafuata Wakongo waliokwenda kutazamwa Ulaya.

Mwaka ule ule wa 1897, Padre Grison alipoianzisha misioni yake, kulifanyika maonyesho makubwa Bruxelles, na sehemu ya Kongo iliwekwa Tervuren, nje kidogo ya mji, kwa mapenzi ya Mfalme Leopold II. Wakongo 267 walipelekwa huko. Walijengewa vijiji bustanini, wakakaa humo mchana wakitazamwa na umati wa watu uliopita milioni moja. Ilijengwa njia ya tramu kutoka mjini ili watu wafike kwa urahisi na kurudi siku hiyo hiyo. Lilibandikwa tangazo la kuwakataza watazamaji wasiwalishe wale watu, kwa sababu walikwisha kupewa chakula na wakubwa wa maonyesho. Kiangazi kile kilikuwa na baridi na mvua. Saba katika Wakongo wale waliugua wakafa.

Mtu angedhani kwamba jambo la namna hiyo lisingerudiwa. Lilirudiwa mwaka 1958, katika Maonyesho ya Dunia ya Bruxelles, miaka miwili tu kabla ya Kongo kupata uhuru. Karibu na Atomium, ule mfano wa chembe ya chuma wenye mita 102 na matufe tisa, kilijengwa kijiji cha Kikongo, na ndani yake waliwekwa mafundi waliofanya kazi za mikono mbele ya watazamaji. Baadhi ya watazamaji waliwarushia ndizi na sarafu juu ya ua wa mianzi. Mwezi wa Julai mafundi wale walikataa kuendelea, wakarudi kwao, na kijiji kikabaki kitupu.

Sasa ubaya ulikuwa wapi hasa? Wengi hujibu upesi kwamba ulikuwa katika ukatili. Lakini baba wa Bruxelles aliyepanda tramu siku ya Jumapili mwaka 1897, pamoja na mkewe na watoto, hakumpiga mtu yeyote. Alilipa nauli, akatembea chini ya miti, akatazama, akarudi nyumbani kabla ya giza. Alikuwa amechagua matembezi ya siku moja, kama watu wengi wachaguavyo leo, na jioni yake bila shaka alilala usingizi mwema. Wengine hujibu kwamba ubaya ni huku kutazama kwenyewe. Hilo nalo haliwezi kuwa kweli. Mwanafunzi humtazama fundi siku nzima, na fundi hufurahi. Wengine hujibu kwamba ubaya ni fedha. Lakini mpiga ngoma wa arusi hulipwa, na mchezaji wa mpira hutazamwa na maelfu waliotoa kiingilio, wala hakuna asemaye kwamba amevunjiwa heshima.

Yaonekana ubaya ulikuwa katika mambo mawili yaliyofungamana. La kwanza, kazi ya watu wale ilikuwa imenyang'anywa mwisho wake. Walipiga makasia katika mabwawa ya bustani, na mtumbwi haukuwa na mahali pa kufika. Mvuvi apigaye kasia Kisangani anakwenda kwenye kikapu chake. Akitazamwa au asitazamwe, anakwenda. Lakini kasia ipigwayo kwa amri ya mwingine, isimpeleke mtu popote ila mbele ya macho ya wageni, humgeuza mpigaji kuwa chombo. La pili, hawakuwa na mlango wa kufunga. Mvuvi akichoka na wageni aweza kuwapa mgongo. Fundi wa 1958 hakuwa na njia ya kujificha ila kuondoka nchi. Basi kule kuondoka kwao mwezi wa Julai ndiko kulikoonyesha waziwazi jinsi walivyokuwa wamewekwa, kuliko hotuba yoyote.

Mtu atasema: na leo je? Je, kijana wa Wagenia aingiaye katika mkondo ili wageni wampige picha hafanyi yale yale ya Tervuren? Hafanyi yale yale. Mto ni wa kwao, bei ameitaja mwenyewe, na jioni analala kwa mama yake. Lakini jibu hili halitoshi, maana njaa nayo hufunga mlango. Mwenye njaa hawezi kulikataa ombi la mwenye fedha kwa urahisi ule ambao mwenye shibe angelikataa. Kijana akiambiwa, “Ruka pale penye maji makali zaidi, nitakuongeza kidogo,” uhuru wake wa kukataa ni mdogo kuliko uonekanavyo. Ndipo wajibu uhamiapo kwa yule mwenye uhuru mwingi zaidi, yaani mgeni. Asiombe kitu ambacho mwenyeji hawezi kumnyima. Alipe kilichotajwa bila kuvutana kama mtu anunuaye mhogo, apokee kile ambacho kazi ya siku hiyo yenyewe yaonyesha, na kama vikapu ni vitupu, basi ameona vikapu vitupu, navyo ni kweli.

Waalimu wa zamani waliufahamu ugonjwa huu wa macho. Tomaso wa Akwino aliuita udadisi, akautenga na bidii ya kujifunza. Hakusema kwamba kuangalia mambo ya wengine ni kosa daima. Alisema kwamba mtu akiangalia mwenendo wa wenzake kwa nia njema, ili yeye mwenyewe au wao wapate faida, astahili sifa. Akiuangalia ili adharau, au kwa kuhangaika tu bila faida, akosa. Kuhusu maonyesho alisema kwamba yanaharibu kwa kadiri yanavyomzoeza mtazamaji uchafu au ukatili. Kwa kipimo hicho ndizi za 1958 zaeleweka vizuri. Waliozirusha hawakuzaliwa wakatili. Yadhaniwa walikuwa watu wa kawaida, wengine wenye watoto mkononi. Ua wa mianzi uliwafundisha.

Kuna kisa kingine ambacho wahubiri hukipenda. Francesco Petrarca, mshairi wa Italia, alieleza katika barua jinsi alivyoupanda mlima Ventoux, kusini mwa Ufaransa, mwezi wa Aprili 1336, akitaka tu kuona yaliyo juu. Alipofika kileleni alifungua Maungamo ya Mtakatifu Augustino, na macho yake yakaangukia mahali panapowakemea watu waendao kustaajabia milima na bahari na mito huku wakijisahau nafsi zao. Aliona haya, akashuka akiwa kimya. Kisa ni kizuri, walakini kina upungufu, nao hausemwi mara nyingi. Katika barua ile ile Petrarca ataja mchungaji mzee aliyekutana naye njiani, ambaye alikuwa ameupanda mlima ule miaka hamsini nyuma, akamwonya kwamba hakupata faida huko ila uchovu na nguo zilizoraruka. Mshairi akampita. Yeye aliona mlima, kisha akaiona nafsi yake. Lakini mwenye kukaa mlimani, aliyejua njia na kujua hasara yake, amebaki katika barua kama jiwe la kandokando. Wasafiri wengi wema ni hivyo. Hujirudi, huungama, hujichunguza nafsi, na katika hayo yote mtu wa mahali pale hana sehemu.

Wako pia wasafiri ambao, kwa kuogopa kukosea, huamua kutotazama watu kabisa. Huenda kwenye hoteli yenye ukuta, huona mto kutoka barazani, hununua kinyago kwenye kiwanja cha ndege, wakarudi kwao na dhamiri safi. Hawa nao yafaa kuwauliza. Katika mfano wa Msamaria, watu watatu walikuwa safarini katika njia ile ile, na Injili yasema kwamba wote watatu walimwona aliyelala. Kuona hakukuwatenga. Wawili walivuka upande wa pili. Macho yanayokwepa yaweza kumdharau mtu sawasawa na macho yanayokodoa, na mvuvi aliyejenga mitego yake kwa taabu hapati heshima yoyote kwa sababu mgeni mpole amebaki barazani. Zaidi ya hayo hapati mkate. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nao hawakuwa wajinga wa mambo ya tumbo.

Walisema tena kwamba mgeni ni wa siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Methali hii husemwa kwa mzaha juu ya wageni wasioondoka, lakini ina maarifa mengi kuhusu kutazama. Siku ya kwanza mgeni hutazama. Siku ya pili hutazamwa, kwa kuwa watoto wamekwisha kulijua jina lake. Siku ya tatu yeye si mtazamaji tena, ana mpini mkononi na malengelenge kiganjani. Mholanzi André Droogers alikaa Kisangani akajifunza desturi za Wagenia, na mwaka 1980 kilitoka kitabu chake juu ya jando la wavulana wao. Alitazama jambo ambalo mpita njia asingeruhusiwa kuliona, wala hakuliona katika adhuhuri moja. Si kila msafiri aweza kukaa hivyo, na wala haitakiwi. Lakini mwenye siku tatu aweza kwenda Wagenia mara tatu, badala ya kwenda mahali tisa mara moja moja. Mara ya kwanza atalipia picha. Mara ya tatu ataulizwa habari za mama yake.

Kwa sababu hiyo hiyo Yangambi yastahili kuwekwa juu zaidi katika karatasi kuliko kawaida yake. Wageni huikwepa kwa kuwa barua za wasafiri huisifu kidogo: ni mji wa utafiti wa kilimo na misitu, ulioanzishwa wakati wa Wabelgiji mwaka 1933, wenye nyumba za zamani na hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Tangu mwaka 2020 kuna mnara wenye vyombo vya kupimia hewa ambayo msitu waitoa na kuipokea. Hapo hakuna achezaye ngoma kwa ajili ya mtu. Kuna watu wafanyao kazi, nao wakiulizwa hueleza kazi yao kwa raha. Siku moja ya kumsikiliza mtu aelezaye mti mmoja ni likizo njema, ijapokuwa haitoi picha ya kuonyesha jirani.

Yabaki jambo gumu zaidi, nalo ni majonzi. Kisangani ina mahali pengi pa kulilia. Mwaka 1964 mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa Simba, na tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji wa miavuli walitua humo. Wenyeji na wageni wengi waliuawa katika miezi ile. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wenyewe, makombora yakianguka majumbani mwa watu wasiokuwa na ugomvi na yeyote, na raia kwa mamia walipoteza maisha. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vya 1998 hadi 2003 kwa jumla. Mgeni akisikia habari hizi hutaka kuona kuta zenye matundu. Je, aoneshwe?

Jibu laweza kupatikana mahali pengine, Unguja, ambako mambo ya namna hii yamekwisha kupangwa kwa saa. Msafiri afikaye mjini Zanzibar hupelekwa asubuhi Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Na alasiri huenda kwa mashua hadi kisiwa cha Changuu kutazama kobe wakubwa. Watu wengine huona aibu juu ya mpango huu, kilio kabla ya chakula na kobe baada yake. Labda wanazidisha ukali. Hata msibani watu hula, na watoto hucheza nje ya ua wa marehemu. Kosa si kula. Kosa ni kuyaweka yote mawili katika karatasi moja kwa herufi sawa, na kuyatia alama sawa yakiisha, kana kwamba deni limelipwa.

Lakini mtu wa Kisangani akienda Unguja kwa mapumziko, yeye hana ruhusa ya kutazama Mkunazini kama mgeni. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyefanywa gavana wa maporomoko ya Stanley mwaka 1887, alirudi Zanzibar akafa huko mwaka 1905. Watu waliotekwa katika nchi za mto Lualaba walisukumwa kuelekea mashariki, na lugha ya Kiswahili ikaja kuelekea magharibi kwa njia ile ile, pamoja na misafara ile ile. Mtu huyu akisimama mbele ya soko la zamani, akiuliza bei ya kahawa kwa Kiswahili na kuelewana na muuzaji, maelewano yale ni sehemu ya habari iliyo mbele yake. Kwake pwani yaweza kungoja.

Basi juu ya kuta zenye matundu: aoneshwe, ikiwa mwenye nyumba ndiye amwonyeshaye. Akiambiwa, “Karibu, hapa ndipo alipokuwa amelala ndugu yangu,” aingie, avue kofia, asikilize hata mwisho, na simu ikae mfukoni. Akipita na kiongozi wa kulipwa, mwenye nyumba akiwa ndani amefunga dirisha, hakuna alichoonyeshwa. Ameiba kidogo.

Wapo sasa Wakongo wengi waendao Ulaya, wengine kuwasalimu jamaa, wengine kwa siku chache za mapumziko. Bruxelles watapewa karatasi ile ile ya wageni wote: uwanja wa Grand-Place, kile kisanamu cha mtoto akojoaye, na Atomium, ambayo bado yang'aa na kupokea wageni, ingawa kijiji kilichokuwa karibu nayo hakionekani hata alama. Ni matembezi mazuri, na hakuna sababu ya kumnyima mtu asipande juu ya matufe yale akaone mji wote.

Tramu ya Tervuren nayo ingali ikienda, namba 44, chini ya miti mirefu. Mwisho wa njia lipo jumba la makumbusho la Afrika, lililofunguliwa upya mwezi wa Desemba 2018 baada ya kutengenezwa kwa miaka mitano. Wengi huishia hapo. Kutoka hapo hata kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili ni mwendo mfupi kwa miguu, na kando ya kanisa yamepangwa mawe saba ya wale waliokufa mwaka 1897. Yana majina: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Hakuna kiingilio, na tramu za kurudi mjini ni nyingi hata jioni.